Mpiganaji Hana Ndumba, na Haombi Ruhusa

Jumamosi iliyopita, mezani kwetu hapa Moshi, tunapocheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu na kitabu cha sheria, mpiganaji wa ngazi ya 9 alitaka kuruka korongo lenye upana wa mita saba ili amfikie mpiga upinde aliyekuwa ng'ambo. Kabla sijafungua mdomo, kijana aliyekaa kando yake alisema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Lakini kaka, huyo hana uchawi, atawezaje?" Kijana huyo huyo, dakika kumi kabla, alikuwa ameteketeza chumba kizima kwa tufe la moto, na hakuna aliyemwuliza angewezaje. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeendesha mchezo na kuandika sheria za meza yetu, naliweka jambo hili kwenye maandishi, ili safari nyingine nimwelekeze mtu hapa badala ya kubishana huku chai ikipoa.

Tuanze na korongo lenyewe. Kwa sheria za mchezo wenyewe, yaani toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la mwaka 2014, mpiganaji mwenye alama ya Nguvu 20, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha mhusika, akikimbia futi 10 huruka futi 20, yaani mita sita na kidogo. Mwanariadha Mike Powell aliruka mita 8.95 mjini Tokyo mwaka 1991, na sijawahi kusikia kwamba alikuwa akipigana na majoka. Kitabu hicho hicho kina uchawi wa ngazi ya kwanza, ule ambao mwanafunzi huanza nao, unaozidisha umbali wa kuruka mara tatu kwa dakika nzima. Hivyo mchawi mkondefu mwenye Nguvu 10, akiwa na mwendo wa kutosha katika zamu yake, huruka futi 30, yaani mita tisa na ushei, akampita Powell na kumwacha mpiganaji wetu amesimama ukingoni akijikuna kichwa. Jambo hili hupitishwa kwa jina la uhalisia.

Kinachoniudhi katika neno hilo ni kwamba wanaolitumia hawajawahi kumpima huyo "mtu wa kawaida" wanayemtaja. Sisi tunaoishi chini ya mlima tuna sababu chache mno za kuamini kwamba mwili wa binadamu ni kitu kidogo. Mwaka 2014 mkimbiaji wa milimani Karl Egloff alipanda Kilimanjaro, mita 5,895, akashuka hadi chini, yote kwa saa 6 na dakika 42, safari ambayo mgeni hupangiwa siku tano au zaidi. Na si lazima kumtafuta bingwa: mpagazi mwenye kilo 20 za mzigo wa kampuni, mbali na vitu vyake mwenyewe, humpita mtalii aliyebeba chupa ya maji, na mtalii anapofika kambini hukuta hema limeshasimama. Hata hivyo, mtu akifanya jambo kubwa, sisi tuna haraka ya kumtafutia mganga. Mshambuliaji akifunga mabao matatu, utasikia kwamba "kamati ya ufundi" ilikesha. Tumeileta mezani tabia hiyo: uwezo ukizidi kimo chetu, lazima pawe na hirizi, na asiye na hirizi arudishwe chini.

Wengine husema dawa ni kumwongezea mpiganaji madhara ya upanga, yaani pointi za uhai anazompunguzia adui kwa kila pigo. Siyo. Katika matoleo mengi madhara yake yanatosha kabisa, na hapo sina haja ya kukaa.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye namna uwezo unavyoandikwa. Uchawi huandikwa kama tamko: tufe la moto linalipuka mahali nilipochagua, kila aliyemo ndani ya futi 20 kutoka katikati anaungua, na hata anayekwepa huumia nusu. Mwendeshaji wa mchezo hana la kukubali wala kukataa. Mpiganaji, kwa upande wake, huandikiwa dadu na matumaini. Akitaka kuruka zaidi ya futi zake, kupindua meza juu ya maadui watatu, au kuubeba mlango uliong'olewa uwe ngao, lazima aniulize, nami hujibu kulingana na nilivyolala usiku huo. Ndiyo maana nilipoandika uwezo niliouita Mwendo wa Mpagazi sikuweka neno "jaribu" hata mara moja: mwenye uwezo huu humbeba mwenzake aliyeanguka bila kupunguza mwendo, na hachoki hadi kambini. Wachezaji waliucheka kwa sababu hauna madhara yoyote. Wiki tatu baadaye walitoka kwenye pango linaloporomoka wakiwa na majeruhi wawili mgongoni, na mchawi akiwa amemaliza uchawi wake wote wa siku.

Sasa nifike kwenye ubishi unaonikosesha usingizi: uwezo wenye idadi ya matumizi. Toleo la nne, mwaka 2008, liliwapa wapiganaji mbinu za kutumia mara moja kwa pambano na nyingine mara moja kwa siku, na watu wakapiga kelele kwamba wamegeuzwa wachawi. Mbinu iliyozua zogo zaidi ilikuwa ya ngazi ya 7, ambayo kwayo mpiganaji huwafanya maadui wa karibu wamsogelee, naye akawapiga wote. Waliuliza mpiga upinde atakubalije kuusogelea upanga. Aliyewahi kuwasikia Mchaga na Mpare wakitaniana hawezi kuuliza hivyo, kwa maana mtani anajua pa kukugusa hadi uache ulichokuwa ukifanya umfuate. Kwamba hufanya kazi mara moja tu kwa pambano nako kunaeleweka: winga akimpiga beki chenga moja, akiirudia ile ile atakutana na mguu. Mbinu ya kushtukiza huisha kwa sababu imeshaonekana, bila kuhitaji uchawi wala uchovu.

Nakiri kwamba hoja yangu ya chenga ina tundu. Adui anayeingia mlangoni katikati ya pambano hakuiona mbinu ya kwanza. Kwa nini isimpate? Nimejibu kwamba wenzake walimwonya, na nimeona jibu hilo likipokewa kwa kikohozi. Kuhusu mbinu za mara moja kwa siku sina utetezi, nami nimeacha kuziandika. Afadhali yule mpiganaji wa toleo la tano anayechagua mbinu na kuzilipia kwa dadu nne, ambazo hurudi kwa mapumziko mafupi, ingawa naye ana kasoro yake: orodha ya mbinu za ngazi ya 3 ndiyo hiyo hiyo ya ngazi ya 15, kwa hiyo kadiri anavyokua ndivyo anavyochagua makombo.

Ngazi za juu kabisa bado zinanishinda. Mchawi wa ngazi ya 17 anaweza kusimamisha wakati. Mpiganaji wa ngazi hiyo nimpe nini nisichokionea haya? Nimeandika kwamba anaweza kulishika dari linaloanguka na kulizuia kwa raundi tatu, pasipo dadu na pasipo kuniomba. Nusu ya meza imeukubali, nusu inasema hiyo tayari ni ndumba, na mimi mwenyewe nimeufuta mara mbili. Kwa sasa upo kwenye daftari kwa penseli, na pango la Jumamosi ijayo lina dari bovu.