Dhana potofu kuhusu vilinganishi na upangaji wa orodha

Una List<Mwanafunzi> na unataka ipangwe kwa alama. Unaandika kilinganishi: kipande kifupi cha msimbo kinachopokea vitu viwili na kurudisha namba. Ikiwa hasi, cha kwanza kitangulie. Ikiwa chanya, kifuate. Ikiwa sifuri, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Kazi imekwisha kwa mistari mitatu. Ufupi huo ndio unaowafanya wengi wasikitazame mara ya pili, na makosa yake hukaa humo miaka bila kuonekana.

"Lazima klasi yenyewe ijue kujipanga"

Si lazima. IComparable<T> ya C# na Comparable<T> ya Java huipa klasi mpangilio wake wa asili, na huo ni mmoja tu. Kilinganishi, yaani IComparer<T> au Comparator<T>, hukaa nje ya klasi. Unaweza kuwa na vitano kwa aina moja ya kitu, hata kama klasi umeikuta kwenye maktaba ya mtu mwingine na huna ruhusa ya kuigusa. Cha kuangalia ni kwamba katika C# ukikosa vyote viwili, mkusanyaji (compiler, programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) hapigi kelele. Sort() huanguka na InvalidOperationException programu ikiwa tayari inaendeshwa. Java hukukamata mapema kwenye Collections.sort, lakini TreeSet, seti inayoweka vitu vyake kwa mpangilio, nayo husubiri mpaka uanze kuongeza vitu ndipo itoe ClassCastException.

"Toa moja kwenye nyingine, basi"

Nikikagua msimbo wa wenzangu, hili ndilo ninalokutana nalo zaidi: `return a - b;`. Linavutia kwa ufupi wake. Sasa mpe a 2,000,000,000 na b -2,000,000,000. Jibu la haki ni bilioni 4, lakini int ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Namba inafurika, inazunguka na kutokea upande wa pili ikiwa -294,967,296. Hasi! Kilinganishi kimesema bilioni 2 ni ndogo kuliko hasi bilioni 2, na hakuna kosa lolote lililotolewa. Kwenye desimali mambo huharibika kwa njia nyingine: `(int)(78.9 - 78.4)` hukatwa kuwa 0, na wanafunzi wawili wenye alama tofauti wanahesabiwa kuwa wamefungana.

Tumia a.CompareTo(b), Integer.compare au Double.compare. Ziliandikwa kwa kazi hii hii.

Kosa linalofanana nalo ni kugeuza mpangilio kwa kuweka alama ya kutoa mbele ya jibu. Kilinganishi kinaruhusiwa kurudisha namba hasi yoyote, ikiwemo -2,147,483,648, na hiyo haina mwenzake chanya ndani ya int. Ukiigeuza inabaki hasi vilevile. Badilishana nafasi za a na b, au ita reversed().

"Kikipita kwenye majaribio, ni sahihi"

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Kilinganishi ni ahadi ambayo algoriti ya kupanga inaiamini bila kuihakiki. Ukigeuza nafasi za vitu viwili, ishara ya jibu igeuke. Ikiwa a yuko kabla ya b, na b kabla ya c, basi a awe kabla ya c. Na ikiwa a na b wametoshana, wote wawili watoe jibu la ishara ileile wakilinganishwa na c yeyote. Algoriti hupata kasi yake kwa kuruka ulinganisho ambao ahadi hii imeshaujibu.

Tazama `return a.Alama > b.Alama ? 1 : -1;`. Wawili wenye 78 wakilinganishwa, wa kwanza anaambiwa atangulie. Ukiwabadilisha nafasi, bado anayetajwa kwanza ndiye anayetangulia. Ahadi imevunjika kwa sababu sifuri imesahauliwa.

Au tazama kilinganishi cha muda kinachosema tofauti isiyofika sekunde 5 ihesabiwe kuwa hakuna. Nia ni njema. Chukua matukio ya sekunde ya 0, ya 4 na ya 8. La kwanza na la pili ni sawa, la pili na la tatu ni sawa, lakini la kwanza liko kabla ya la tatu. Hakuna mpangilio unaoweza kutimiza hayo yote kwa pamoja.

Timsort, algoriti ambayo Tim Peters aliiandikia Python mwaka 2002, iliingia Java 7 mwaka 2011, na tangu hapo wengi wamekutana na ujumbe "Comparison method violates its general contract!". Wengine huulaumu Java. Lawama ni ya kilinganishi. Tena ujumbe huo hauji kila mara: orodha yenye vitu chini ya 32 hupangwa kwa kuchomeka tu (insertion sort: kila kitu huingizwa mahali pake kati ya vilivyokwisha kupangwa), hatua inayogundua kosa haifikiwi kabisa. Ndiyo maana jaribio la vitu kumi hupita, na data halisi ikaangusha programu.

Mimi hukipima kilinganishi peke yake, bila kupanga chochote. Nachukua thamani 30, zikiwemo ndogo kabisa, kubwa kabisa, zilizojirudia na null (yaani pasipo na thamani), kisha nazipitisha tatu tatu kukagua ahadi zote. Ni mara 27,000 tu, na kompyuta humaliza kabla hujavuta kiti.

"Sifuri maana yake ni kitu kilekile"

Kwenye Sort, sifuri husema tu kwamba kati ya hawa wawili yeyote anaweza kutangulia. Kwenye SortedSet<T> ya C# na TreeSet ya Java, sifuri husema huyu tayari yumo. Ukiweka wanafunzi kwenye TreeSet kwa kilinganishi cha alama pekee, mwenye 78 wa pili haingii; add hurudisha false, na nani huisoma? Niliwahi kuona ripoti yenye watu pungufu kwa sababu hiyo hasa. Hata BigDecimal ya Java ina tabia hii: 1.0 na 1.00 ni vitu viwili ndani ya HashSet, seti isiyotumia kilinganishi, lakini kimoja ndani ya TreeSet. Ongeza kigezo cha mwisho kisichojirudia, kwa mfano namba ya usajili, kupitia thenComparing.

"Waliofungana watabaki walivyokuwa"

Inategemea umeita nini. Collections.sort ya Java na OrderBy ya C# ni thabiti: waliofungana hubaki kwa mfuatano waliokuja nao. List<T>.Sort ya C# si thabiti. Hapa tena majaribio madogo hudanganya, kwa kuwa kipande chenye vitu visivyozidi 16 hupangwa kwa kuchomeka, na orodha ya vitu kumi itatoka kana kwamba uthabiti upo.

"Kilinganishi huitwa mara moja kwa kila kitu"

Kupanga vitu milioni 1 vilivyochanganyika huhitaji ulinganisho unaokaribia milioni 20. Ukigeuza majina kuwa herufi ndogo ndani ya kilinganishi, unafanya kazi hiyo mara mbili kila kinapoitwa, karibu milioni 40, na kila mara huenda ukazaa mfuatano mpya wa herufi wa kutupwa. Hata Comparator.comparing huutoa ufunguo upya kila inapolinganisha. OrderBy huutoa mara moja kwa kila kitu na kuuhifadhi, kwa hiyo zile milioni 40 zinakuwa milioni 1.