Si kila kinyesi cha kijani ni kideri

Huku Tanga, kuanzia Pongwe hadi Muheza, kuku wakianza kufa jibu huwa tayari: kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Ukiuliza wamejuaje, utaambiwa kinyesi kilikuwa cha kijani. Lakini kuku yeyote aliyeacha kula anaweza kutoa kinyesi cha kijani, kwa sababu nyongo inashuka kwenye utumbo usio na chakula. Homa ya matumbo ya kuku nayo huharisha, na hiyo inaletwa na bakteria, wakati kideri huletwa na kirusi, na hakuna antibiotiki inayokiponya.

Ndiyo maana daktari wa mifugo hufundishwa kuchunguza. Anaanza na maswali: wamekufa wangapi kati ya wangapi, wana umri gani, walichanjwa lini, kuna kuku wageni walioletwa bandani? Kisha anampasua aliyekufa muda si mrefu. Madoa ya damu kwenye tumbo lililo kabla ya firigisi yanamfanya ashuku kideri. Ini lililovimba lenye rangi ya shaba linaelekeza kwenye homa ya matumbo. Damu ndani ya utumbo wa vifaranga inaelekeza kwenye koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Hata hapo bado anashuku tu. Maabara ndiyo inayothibitisha, na sampuli isafirishwe kwenye barafu.

Kwa hiyo, jamani, mzoga usitupwe jalalani, wala mgonjwa asichinjwe harakaharaka auzwe. Mpigie bwana mifugo kabla hujaweka dawa kwenye maji, maana antibiotiki ikishaingia, bakteria anaweza asiote tena maabara wakijaribu kumkuza ili wamtambue.