Je, wajua kwa nini kengele ya seva hulia ilhali seva ni nzima?

Programu ya ufuatiliaji haiioni seva. Huuliza swali, husubiri sekunde kadhaa, kisha huhukumu kwa jibu lililofika. Jibu likichelewa au kupotea njiani, hutangaza kwamba seva imekufa, hata kama watumiaji wanaendelea na kazi zao. Kwa hiyo usikimbilie kulegeza viwango vya tahadhari. Tafuta kwanza jibu limekwama wapi.

Tuchukue Nagios, mojawapo ya programu hizo za ufuatiliaji. Ingia kwenye mashine inayofuatilia kwa akaunti ileile inayoendesha ukaguzi, ambayo kwa kawaida huitwa nagios, kisha endesha ukaguzi huo kwa mkono mara kumi hivi huku ukipima muda wake. Usitumie root, akaunti ya msimamizi mkuu: ina ruhusa ambazo akaunti ya nagios haina, na ukaguzi utakaofaulu kwako utaendelea kushindwa ukiendeshwa na programu. Muda nao ni mtego mkubwa. Amri ya check_nrpe, ambayo Nagios huitumia kuendesha hati ya ukaguzi (script) kwenye seva ya mbali, husubiri sekunde 10 isipoelekezwa vingine, hivyo hati inayomaliza kwa sekunde 8 mchana itavuka kikomo hicho usiku, diski zikiwa na kazi ya kuhifadhi nakala. Ongeza -t 30 kwenye amri hiyo, ili isubiri sekunde 30. Kuandika -t 90 hakusaidii, kwa sababu kwa mipangilio ya kawaida Nagios yenyewe hukatiza ukaguzi wa huduma ufikapo sekunde 60.

Kama kila ukiuliza jibu linakuja sawa, hitilafu ni ya kupita tu. Angalia max_check_attempts kwenye mipangilio ya Nagios, yaani idadi ya majaribio kabla ya arifa kutumwa. Ikiwa ni 1, pakiti moja iliyopotea inatosha kumwamsha mtu usingizini. Weka 3, na retry_interval, muda kati ya majaribio hayo, iwe dakika 1. Arifa itatoka pale tu majaribio matatu mfululizo yatakaposhindwa, yaani kama dakika 2 baada ya lile la kwanza. Ni kweli, hitilafu halisi nayo itachelewa kwa dakika hizo 2, lakini kwa huduma nyingi ucheleweshaji huo unavumilika. Kwenye Prometheus, programu nyingine ya ufuatiliaji, kazi hiyo hufanywa na mstari wa for katika kanuni ya tahadhari, kwa mfano for: 5m, yaani hali idumu dakika 5 kwanza.

Arifa za kumbukumbu (RAM) kujaa ni tofauti, maana hapo jibu limefika salama ila swali lenyewe ni baya. Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuweka akiba ya mafaili, na huiachia programu zinapoihitaji. Ukipima MemFree, yaani kumbukumbu isiyotumika kabisa, seva yenye afya huonekana imebanwa. Pima MemAvailable, yaani kumbukumbu ambayo programu zinaweza kuipata, ndani ya faili la /proc/meminfo, iliyopo tangu toleo la 3.14 la kiini cha Linux. Hati nyingi za zamani bado zinasoma MemFree, na hazifai kuachwa hivyo.

Seva nyingi zikilia kwa dakika moja, kagua swichi au ruta iliyo kati yao na mashine inayofuatilia. Kwenye Nagios, itaje katika mstari wa parents wa kila seva. Ikianguka, zilizo nyuma yake zitahesabiwa kuwa hazifikiki badala ya kuwa zimekufa, na unaweza kuzuia arifa za hali hiyo kwa kuondoa herufi u kwenye notification_options, mstari unaotaja hali za kutumiwa arifa.

Baada ya kila badiliko, zima kwa makusudi huduma ya majaribio na uhesabu dakika hadi arifa ifike. Isipofika kabisa, umeziba na kengele ya kweli. Rudisha badiliko la mwisho na ujaribu tena.