Kwa nini wanandoa hugombana kwa jambo lilelile kila mara?

Mke anauliza, "Umempigia mwalimu wa mtoto?" Mume ameinamia simu, hajibu. Anauliza tena, kimya. Mara ya tatu anafoka, na papo hapo mume anainuka na kupiga. Jambo limekwisha, wote wamekasirika.

Wataalamu wa tiba ya tabia, yaani tiba inayobadilisha mienendo ya watu kwa kuangalia matokeo yake, huona hapo somo ambalo wote wawili wamefuzu. Mke amejifunza kwamba kuuliza kwa upole hakuleti kitu, kufoka ndiko kunakomwinua mtu. Mume naye amejifunza kwamba akitii, kelele hukoma. Kila mmoja amepata tuzo yake ya haraka, ndiyo maana kesho mke ataruka upole na kuanza moja kwa moja na kufoka.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona hilo katika familia zenye watoto wakorofi, ambazo yeye na wenzake walizichunguza zikiwa nyumbani kwao. Mtoto akilia mpaka akapewa anachotaka, amefunzwa kulia, na mzazi amefunzwa kukubali ili apumue. Hakuna aliyekusudia kumfunza mwenzake chochote. Kwa hiyo tiba ya aina hii haiulizi sana nani mkosaji, bali huuliza nini hutokea kabla ya ugomvi na nini hufuata.

Majaribio ya mwanzo ya tiba hii kwa wanandoa yalikuwa ya ajabu kidogo. Mwaka 1969 mtaalamu Richard Stuart alieleza tiba ya jozi nne za wanandoa ambamo mume alilipwa vijipande kama sarafu za mchezo kwa kuzungumza na mkewe, kisha akavitumia kulipia mapenzi ya kimwili. Kwa maoni yangu hiyo ni ndoa ya daftari la madeni, lakini wazo la msingi lilibaki: ongeza mema mnayotendeana sasa, msisubiri hasira zipoe kwanza. Baadaye yakaja mafunzo ya kuzungumza, mmoja akisema, mwingine akirudia alichosikia kabla ya kujibu.

Hata hivyo, tendo jema likifanywa si lazima lionekane. Mwaka 1980 watafiti Elizabeth Robinson na Gail Price walilinganisha hesabu ya wanandoa wenyewe na ya watazamaji waliofunzwa. Wale wasio na furaha walikosa kuona karibu nusu ya mambo mazuri ambayo watazamaji waliyahesabu.

Hapo ndipo fikra zilipoingia. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alikuwa ameshaonyesha jinsi tafsiri ya mtu inavyochochea huzuni yake. Wanasaikolojia Norman Epstein na Donald Baucom ni miongoni mwa waliolipeleka wazo hilo kwenye ndoa. Mume amechelewa bila kupiga simu. Mke mmoja atasema, "Kazi imembana." Mwingine atasema, "Hanijali, ndivyo alivyo." Yule wa pili atampokea kwa kununa, naye mume atajitetea kwa ukali, na ukali huo utakuwa ushahidi kwamba kweli hajali. Mtaalamu hamwambii kwamba amekosea. Humuuliza: una ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Mara nyingi hutoa kazi ya nyumbani: kila jioni andika jambo moja ambalo mwenzako amelifanya likakupendeza. Linasikika kama zoezi la kitoto, lakini linalazimisha macho yatafute ile nusu iliyopotea.

Kuna tofauti ambazo hazibadiliki hata kwa mazoezi. Mmoja hupenda watu, mwenzake hupenda utulivu. Wanasaikolojia Neil Jacobson na Andrew Christensen walipoona kwamba mafanikio ya tiba ya tabia kwa wengi hayakudumu, waliongeza kazi ya kupokeana jinsi walivyo: wawili waitazame tofauti yao kama tatizo lililo mbele yao, si kama kosa la mmoja.

Penye kipigo au hofu mambo ni mengine kabisa. Anayeogopa hawezi kusema ukweli mbele ya anayemtisha, na akiusema huenda akaadhibiwa wakifika nyumbani. Ndiyo maana wataalamu wengi, kabla ya kuanza, humhoji kila mmoja peke yake.