Zahanati Hujengwa Septemba, Hufunguliwa Aprili

Kwa miaka kadhaa nilikuwa afisa katika idara ya bajeti ya bunge la kaunti moja hapa Kenya. Swali nililozoea kulisikia kila tulipozuru wadi ni hili: "Huyu mheshimiwa wetu ametufanyia nini?" Anayeuliza huwa anahesabu matanga aliyohudhuria mheshimiwa, harambee alizochangia na watoto aliowalipia karo. Sidharau msaada huo. Mzazi aliyekwama haulizi fedha zimetoka kifungu gani. Ila mwakilishi wadi hakuchaguliwa kwa kazi hiyo, na anayeifanya kwa mshahara wake mwishowe hukimbia simu za watu wake.

Kazi yake imeandikwa katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: akae karibu na wapiga kura, asikilize, apeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao na kamati, awe kiungo kati ya bunge na wananchi kuhusu huduma wanazopata. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji. Hana ruhusa ya kugawa zabuni wala kuamrisha greda ianzie kwa nani. Hayo ni ya gavana na mawaziri wake wa kaunti. Nguvu yake iko kwingine: bajeti haipiti bila bunge.

Na bajeti ina kalenda yake. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata huwa umefika bungeni. Mradi usiotajwa humo ni vigumu sana kuupatia fedha baadaye, hata mheshimiwa apige kelele namna gani. Kufikia Februari 28 hufika waraka unaoweka viwango vya juu vya matumizi ya kila idara, na kufikia Aprili 30 makadirio yenyewe, ambapo shilingi huandikwa mstari kwa mstari. Juni 30 ndio mwisho wa kuyapitisha. Kwa hiyo ombi la barabara au zahanati lifike kwa mwakilishi kabla ya Agosti kwisha. Wengi humkumbuka Novemba, wakati mvua imeshakata njia.

Jambo linaloniuma ni hili la Aprili. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kwa watu wengi maendeleo ni jengo. Katika wadi moja niliyoifuatilia, zahanati ilikamilika, mabati yaking'aa, kisha mlango ukatiwa kufuli. Akina mama wajawazito wakaendelea kupanda bodaboda kwenda mbali, wengine usiku. Nilipofungua makadirio niliona sababu. Fedha za ujenzi zilikuwa kwenye sehemu ya maendeleo. Kwenye matumizi ya kawaida hapakuwa na muuguzi, dawa wala umeme wa zahanati hiyo. Mwakilishi alikuwa amelipigania jengo kwa moyo wake wote, na hakuna aliyemwambia kwamba mshahara wa muuguzi uko ukurasa mwingine kabisa. Sisi wa idara ya bajeti ndio tuliopaswa kumwambia.

(Kuna pia maombi yasiyo yake. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, masoko na barabara za kaunti ni za kaunti. Darasa la shule ya msingi na kituo cha polisi ni vya serikali ya kitaifa, na anayeahidi hivyo kwenye kampeni za wadi anawadanganya watu.)

Aprili iliyofuata, kamati ya afya ilipoketi kusikiliza maoni ya umma, mwakilishi huyo alikuja na wanakamati wa zahanati, akaketi nyuma yao. Hawakuleta risala. Mama mmoja alisimama na nakala ya makadirio, kona za kurasa zimekunjwa, akatuuliza: "Wanangu, nionyesheni muuguzi wetu ameandikwa wapi." Hakuwa ameandikwa. Mwenyekiti akaniomba kalamu, na kabla kikao hakijavunjwa, mstari ule ukaingia kwenye mapendekezo ya kamati.