Chini ya barafu ya kudumu kuna maji, na mengine ni vuguvugu

Hapa Uganda, hata Kasese tunakoitazama theluji ya Rwenzori, wengi huamini kwamba ziwa lenye barafu mwaka mzima limeganda hadi sakafuni na halina uhai. Sivyo.

Chukua Ziwa Vanda, Antaktika. Barafu yake ina unene wa mita 3 hadi 4 hivi. Chini yake ni maji, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda: karibu na sakafu, zaidi ya mita 60 chini, hufikia takriban nyuzi 23, karibu na joto la wastani la Kampala! Wapo waliodhani ni moto wa ardhini, lakini chanzo ni jua. Mwanga hupenya barafu na kupasha maji ya chini, ambayo yana chumvi nyingi kuliko bahari, hasa kloridi ya kalsiamu. Wachimba chumvi wa Katwe wanajua maji ya chumvi yalivyo mazito. Haya hayapandi juu hata yakipata joto, na upepo hauwezi kuyakoroga kwa sababu ya barafu.

Tope la sakafuni nalo lina safari yake, na kwangu hili ndilo zuri kuliko yote. Upepo hutupa mchanga juu ya barafu, mchanga hunasa joto la jua, huyeyusha njia yake taratibu, kisha hudondoka ziwani. Katika Ziwa Hoare, lililo bonde la jirani, mchanga huo huangukia mikeka ya vijidudu hai inayotengeneza oksijeni kwa mwanga hafifu.