Uchafu Uliotuletea Ndoo

Katika mtambo wa kwanza nilioajiriwa, mkuu wa zamu alikuwa na swali moja kila asubuhi kabla hata ya salamu kwisha: "Maji kiasi gani leo?" Hakuwa na kiu. Alitaka kujua kiwango cha maji ndani ya gesi ya propilini inayoingia kwenye riakta, chombo ambamo gesi hugeuzwa kuwa plastiki. Jibu alilolipenda lilikuwa "chini ya moja," yaani sehemu isiyofika moja katika milioni. Ukimjibu "tano", kikombe cha chai kilibaki mezani.

Tulikuwa tunatengeneza polipropilini, plastiki ya ndoo, viti na mifuko ya kufumwa ya kubebea mchele. Kinachoifanya ni kichocheo: metali ya titani iliyopandikizwa juu ya fuwele za kloridi ya magnesi, kisha ikaamshwa na trietilialumini, kimiminika kinachowaka chenyewe kikigusana na hewa. Propilini hujichomeka kati ya titani na mnyororo uliokwisha anza, moja baada ya nyingine, kwa hiyo mnyororo hurefuka kama nywele: unakua kutokea kwenye shina, ncha ikisukumwa mbele. Hata umbo la punje ya plastiki hufuata umbo la punje ya kichocheo. Kichocheo kikiwa cha mviringo, unga hutoka wa mviringo na kutiririka vizuri. Kikiwa vumbivumbi, mabomba huziba na usiku wako umeharibika.

Gramu moja ya kichocheo cha siku hizi huzaa zaidi ya kilo 30 za plastiki. Hakuna anayekitoa baadaye. Kimo ndani ya ndoo yako, kidogo mno kisidhuru. Vile vya zamani vilikuwa dhaifu, na mabaki yake ilibidi yaoshwe kwa pombe. Sehemu nzima ya kiwanda ilijengwa kwa kazi hiyo tu.

Udogo huohuo ndio udhaifu wake. Maji, oksijeni au kaboni monoksidi hukalia nafasi ya propilini kwenye titani, na kazi husimama. Mitambo mingine huweka mitungi ya kaboni monoksidi tayari kama breki ya dharura: riakta ikipandwa na joto, unaitia sumu makusudi.

Kinachonichekesha ni kwamba fani hii inayoogopa uchafu hivi imezaliwa na uchafu. Mwaka 1933, wakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza walibana etilini, gesi iliyo ndugu ya propilini, kwa mgandamizo mkubwa wakakuta nta nyeupe: plastiki ya polietilini. Walipotaka kurudia, mara ikapatikana, mara ikakosekana. Siri ilikuwa oksijeni kidogo iliyokuwa imejipenyeza.

Miaka 20 baadaye, mjini Mülheim, Ujerumani, maabara ya Karl Ziegler ilikuwa ikirefusha minyororo ya etilini kwa alumini. Ghafla jaribio la mwanafunzi wake, Erhard Holzkamp, likatoa buteni tupu, molekuli mbili za etilini zilizoungana basi. Mtu mwingine angeosha chombo na kuendelea. Wao walimsaka mhalifu, wakamkuta: masalia ya nikeli ndani ya chombo cha chuma. Ikiwa nikeli inakata mnyororo, je, metali nyingine zinafanya nini? Wakazipima moja moja. Zirikoni ikatoa polietilini. Titani ikawa kali kiasi kwamba mgandamizo wa hewa ya kawaida ulitosha, bila ile mitungi minene ya Waingereza.

Mwaka 1954, mkemia Giulio Natta wa Milano, Italia, akakijaribu kichocheo hicho cha titani kwa propilini. Vitawi vya mnyororo vikipangika upande mmoja unapata kitu kigumu. Vikienda ovyo unapata kitu cha kunata kama ulimbo. Ziegler na Natta waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Halafu maji yenyewe. Katika miaka ya 1970, kundi la Walter Kaminsky na Hansjörg Sinn mjini Hamburg lilikuwa na kichocheo kilicholala usingizi. Maji kidogo yakaingia kwa bahati mbaya, na badala ya kufa, kikaamka kwa nguvu za ajabu. Maji yalikuwa yameungana na trimetilialumini iliyokuwamo, ndugu ya ile trietilialumini, kuwa metilialuminoksani, kiamsha-kichocheo ambacho sasa ni bidhaa inayouzwa. Watengenezaji wake hutia maji hayo kwa makusudi, taratibu mno na kwenye baridi, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikutana kwa pupa hulipuka.